Gari la Michezo la Zamani Linachemsha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapofungua boneti ya gari la zamani na kukutana na mvuke. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowapata wachache. Karibu majibu yote yanarudi kwenye jambo moja: kabla hujanunua kifaa chochote, jua gari lako linachemsha wakati gani. Nimeona watu wakibadilisha rejeta, pampu ya maji na thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) kwa mpigo, na tatizo likabaki palepale kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo.

## Ya msingi

Mshale wa geji ya joto ukipanda tu, ndiyo gari limeshachemsha?

Hapana. Injini nyingi za petroli za miaka ya 1960 na 1970 hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mshale ukipanda kwenye mlima mrefu kisha ukarudi mahali pake, injini haijadhurika. Wasiwasi unaanza pale joto linapopanda bila kutulia, au maji yanapogeuka mvuke ndani ya injini. Mvuke haubebi joto kama maji. Unapokaa pembeni mwa chumba cha moto, chuma cha hapo hubaki hakina cha kukipoza, na hapo ndipo silinda hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, hupinda au kupasuka.

Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti (kimiminika cha kupozea kinachozuia kutu) huchemka kwenye nyuzi 107 hivi. Juu ya hapo kuna msaada wa kifuniko cha rejeta: kila psi 1 ya mgandamizo huongeza karibu nyuzi moja na nusu. Ndiyo maana kifuniko kilichochoka kinaweza kulifanya gari zima kutapika maji kwa joto ambalo jana lililistahimili.

Magari haya si ndivyo yalivyo? Yote yanachemsha.

Sikubaliani kabisa na kauli hii, na imewaponza wengi. Ni kweli kwamba gari la michezo lina mazingira magumu: boneti imelala chini, injini imebanwa, mdomo wa kuingizia upepo ni mdogo. Jaguar E-Type iliyotoka mwaka 1961 ina mdomo mwembamba kiasi kwamba ilipewa feni ya umeme tangu kiwandani, wakati magari mengi yalikuwa na feni ya mkanda. Lakini lilipotoka kiwandani lilipoa. Kama leo halipoi, basi kuna kitu kimechakaa, kimeziba, kimefungwa vibaya au kimeondolewa.

Mfano unaotajwa kila mara ni Triumph Stag ya 1970 hadi 1977. Hili kweli lilizaliwa na udhaifu. Pampu yake ya maji iko juu, katikati ya V ya injini (safu mbili za silinda), hivyo maji yakipungua kidogo tu inabaki inazunguka kwenye hewa. Bloki ni ya chuma na silinda hedi ni za alumini, kwa hiyo kulanti ikipuuzwa kutu huanza haraka. Baadhi ya injini zilitoka zikiwa bado na mchanga wa kalibu ndani. Hata hivyo, Stag iliyosafishwa bloki na kupewa rejeta nzima hukaa kwenye foleni bila shida. Kama hiyo inaweza, yako pia inaweza.

Nitajuaje kama geji inasema kweli?

Hili lifanye kwanza, maana ni rahisi kuliko yote. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yana geji za umeme zinazopewa volti 10 na kidhibiti kidogo nyuma ya dashibodi. Kidhibiti hicho kikiharibika na kuachia volti zote 12 au 14, geji ya joto husoma juu kuliko ukweli. Dalili yake ni kwamba geji ya mafuta nayo inasoma juu, kwa sababu zote mbili zinatumia kidhibiti kimoja. Tangi ukijua lina nusu na mshale unaonyesha robo tatu, usiguse rejeta bado. Anza nyuma ya dashibodi.

Njia ya uhakika ni kipimajoto cha mwanga, kile cha bastola. Pima kwenye nyumba ya thamostati injini ikiwa imepata moto. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo na kukifanya kisome chini, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi usiong'aa na upime juu yake. Gari lenye geji ya zamani ya mrija mwembamba wa shaba halina kidhibiti hicho, lakini usiukunje mrija. Ukipasuka, geji imekufa.

## Kutafuta chanzo

Nianzie wapi?

Anza na kuuliza wakati. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kwenda lina shida ya upepo. Gari linalopoa kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo kasi lina shida ya mzunguko wa maji, au injini yenyewe inazalisha joto kupita kiasi. Linalochemsha muda wote, hata asubuhi dakika kumi baada ya kuwashwa, lifikirie thamostati iliyokwama, hewa ndani ya mfumo au gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya hedi na bloki.

Andika kwenye daftari: mwendo, joto la siku, mlima au tambarare, umbali uliokwenda. Safari tatu zilizoandikwa zinasaidia kuliko vifaa vitatu vipya.

Linachemsha kwenye foleni tu. Nikague nini?

Gari likisimama, upepo wote unatoka kwenye feni. Ishike karatasi mbele ya rejeta injini ikinguruma mahali pamoja: inapaswa kunaswa na kung'ang'ania. Ikidondoka, feni haivuti.

Baada ya feni, angalia kava lake, ile ngao inayozunguka mapanga na kuunganisha feni na rejeta. Kava likikosekana, feni huzungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Mimi mwenyewe nilihangaika na gari msimu mzima, nikabadilisha karibu kila kitu, mpaka nilipoona picha ya gari kama langu likiwa zima na kugundua kwamba kava halipo. Mtu alilitoa miaka mingi nyuma ili apate nafasi ya mkono na hakulirudisha.

Kagua pia vipande vya mpira na bati vinavyoziba nafasi kati ya rejeta na bodi. Upepo hupenda njia nyepesi. Ukiachiwa upenyo pembeni, utapita hapo na kuyaacha mapezi ya rejeta. Taa za ziada na beji zilizofungwa mbele ya grili nazo huiba upepo kuliko watu wanavyodhani.

Linachemsha nikienda kasi, lakini foleni halina shida.

Upepo upo wa kutosha, kwa hiyo tazama maji. Mpira wa chini wa rejeta, yaani bomba la raba la maji, uko upande wa pampu inayovuta. Ukiwa umelainika kwa uzee, au ule waya wa springi wa ndani umeoza, pampu ikivuta kwa nguvu mpira hujifinya kama mrija wa soda na maji hayapiti. Injini ikipunguza mwendo unafunguka tena, hivyo ukisimama kuutazama huoni kitu. Mwenzako akanyage mafuta injini ikiwa moto nawe uangalie, mikono na nguo mbali na feni.

Kagua mkanda wa feni. Ukiubonyeza kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu, ushuke karibu milimita 12. Ukilegea huteleza kwenye mizunguko mikubwa, pale pampu inapohitajika zaidi. Pampu yenyewe ikivuja kwenye tundu dogo la chini, sili yake imekwisha. Isipovuja bado inaweza kuwa mbovu, kwa sababu kutu hula mapanga ya ndani hadi kubaki vijiti.

Kama vyote hivi ni vizima, imebaki rejeta iliyoziba au injini inayozalisha joto lisilo la kawaida. Majibu mawili yanayofuata yanahusu hayo.

Rejeta yangu imeoshwa na maji yanapita. Inawezaje kuwa imeziba?

Maji kupita hakuthibitishi kitu. Hata mirija ikiziba nusu, maji ya bomba yatapita mengi tu na utaridhika. Pata injini moto, izime, kisha pitisha kipimajoto cha mwanga polepole juu ya uso wa rejeta. Joto linapaswa kubadilika taratibu kutoka upande yanakoingilia maji hadi yanakotokea. Ukikuta kiraka cha baridi katikati, mirija ya hapo imekufa.

Kuna ugonjwa mwingine usioonekana: mapezi kuachana na mirija. Rejeta za shaba zilizotumika miaka mingi huoza pale mapezi yalipounganishwa. Maji yanapita vizuri, upepo unapita vizuri, ila joto halina daraja la kuvukia. Mapezi yakimung'unyika kwa kidole, hakuna dawa ya kuosha itakayosaidia. Ipelekwe iwekewe kiini kipya, huku matangi ya juu na chini ya asili yakihifadhiwa.

Usisahau bloki. Tope la kutu hutulia sehemu ya nyuma kabisa, kwenye silinda ya mwisho, ambako maji hutembea polepole. Rejeta mpya ikifungwa kwenye bloki yenye tope, baada ya muda mfupi tope litahamia kwenye rejeta. Toa vifuniko vya pembeni vya bloki, chokoa kwa waya, na ulisukume tope nje kwa maji yenye nguvu.

Taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, inahusiana vipi na joto?

Sana. Cheche ikichelewa, petroli huendelea kuwaka pistoni ikiwa tayari inashuka, na joto ambalo lingesukuma gari huingia kwenye kuta za silinda na milango ya ekzosi. Injini inakuwa nzito na ya moto kwa pamoja. Pima kwa taa ya taimingi, lakini uwe na shaka na alama kwenye puli ya mbele: puli nyingi zina pete ya nje iliyoshikwa kwa raba, na raba ikizeeka pete huteleza pamoja na alama yake. Thibitisha kwanza kwamba alama ya sifuri inalingana na pistoni namba moja ikiwa juu kabisa.

Distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ina kiwambo cha kuwahisha cheche kwa mvuto wa hewa. Chomoa mrija wake upande wa kabureta na uunyonye kwa mdomo. Hewa ikipita bila kizuizi, kiwambo kimetoboka, na unaendesha kila siku cheche ikichelewa.

Mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo nao huongeza joto. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli huukonda mchanganyiko zaidi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa miaka mingi iliyopita inastahili kupangwa upya. Plagi zenye rangi nyeupe kama chokaa zinakuambia hivyo.

Nitajuaje kama gasketi ya silinda hedi imekwisha?

Washa injini ya baridi na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, mgandamizo huo umetoka kwenye silinda. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta wakati injini inanguruma ni dalili nyingine, na moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni ya tatu. Ushahidi mzuri zaidi ni kemikali ya bluu inayovutiwa hewa kutoka mdomo wa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya moshi imo ndani ya maji.

Utelezi mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe. Gari linalokwenda safari fupi fupi hujikusanyia unyevu hapo. Angalia kijiti cha oili. Kama oili yenyewe imekuwa kama maziwa, simamisha gari lisitembee tena.

## Thamostati, kifuniko na maji

Nikitoa thamostati, si injini itapoa zaidi?

Hili ni kosa linalorithishwa. Injini nyingi za zamani zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, na thamostati ndiyo inayoifunga njia hiyo maji yakipata moto. Injini ya Jaguar XK inatumia thamostati yenye pete ya chini kwa kazi hiyo hasa. Ukiitoa, au ukaweka ya kawaida isiyo na pete, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kuiona rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Na hata ambako halitachemsha, injini itakaa baridi mno safari fupi, oili ichafuke na silinda ziliwe. Thamostati hupimwa jikoni: itumbukize kwenye sufuria pamoja na kipimajoto na uone kama inafunguka karibu na namba iliyoandikwa juu yake, ambayo kwa kawaida ni 74, 82 au 88. Ya nyuzi 74 haiponyi gari linalochemsha. Inachelewesha tu safari ya mshale kwa dakika chache.

Nikiweka kifuniko cha psi kubwa zaidi?

Weka kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Gari lililotengenezwa kwa psi 7 likipewa 15 halitachemka mapema, lakini mgandamizo huo utabebwa na rejeta, mipira na kiini cha hita vya umri wa miaka hamsini. Kiungo dhaifu kitapasuka. Hakikisha pia urefu wa shingo ya kifuniko unalingana na mdomo wa rejeta, maana kifupi hakizibi chochote hata kikiwa kipya.

Kila asubuhi naongeza maji na kila jioni yamepungua. Yanaenda wapi?

Huenda hayapotei. Rejeta isiyo na tangi la pembeni inahitaji nafasi ya maji kutanuka yakipata moto. Ukiijaza hadi mdomoni, itatema kilichozidi, kisha itulie maji yakiwa sentimita mbili au tatu chini ya shingo. Kesho unajaza tena, inatema tena. Acha kujaza kwa siku tatu, mirija ya ndani ikiwa imefunikwa. Maji yakibaki mahali pamoja, huna tatizo. Yakiendelea kushuka, tafuta uvujaji au rudi kwenye jibu la gasketi.

Nitumie kulanti gani?

Kulanti ya aina ya zamani, yenye silikati, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Ibadilishwe kila miaka 2. Zile za kisasa za muda mrefu zenye asidi za kikaboni zilitengenezwa kwa ajili ya injini za sasa, na baadhi huweza kudhuru risasi iliyounganishia rejeta za shaba na sili za zamani. Maji ya bomba huacha magadi ndani ya mirija. Maji matupu bila kulanti hupoza vizuri, lakini hayazuii kutu, nayo injini ya chuma yenye hedi ya alumini itaoza kutoka ndani.

Kulanti ya ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Usiiache kwenye beseni hata dakika moja palipo na watoto, mbwa au paka.

Hewa inaingiaje, na naitoaje?

Inabaki wakati wa kujaza, hasa ambako hita au nyumba ya thamostati iko juu kuliko mdomo wa rejeta. Fungua hita hadi mwisho, inua pua ya gari, jaza polepole huku ukikamua mpira wa juu, kisha iache injini ingurume hadi thamostati ifunguke. Hita ikitoa hewa baridi wakati mshale uko juu, hewa bado imo.

## Mabadiliko

Nifunge feni ya umeme?

Ikiwa na kava zuri na rilei yake (swichi ya umeme), inasaidia kwenye foleni. Haitatibu gari linalochemsha kwa kasi, wala rejeta iliyoziba. Kwanza piga hesabu ya umeme: dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu ikiwa kwenye kasi, na injini ikinguruma polepole haitoi karibu chochote. Feni itaishi kwa betri, usiku ukiwa na taa betri haitafika mbali. Badilisha kwanza iwe alteneta. Ukimaliza kufunga, rudia jaribio la karatasi, kwa sababu nyaya zikigeuzwa feni hupuliza upande usio wake na kupambana na upepo wa mwendo.

Rejeta ya alumini je?

Nzuri kama ina kiini kipana na imelehemiwa vizuri. Ya shaba iliyowekewa kiini kipya inatosha kwa injini isiyoongezwa nguvu.

## Njiani

Mshale umefika kwenye nyekundu. Nifanye nini sasa hivi?

Fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Utaumia kwa joto, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale usiposhuka, egesha mahali salama na uzime. Ukiona mvuke au mshale ukianguka ghafla hadi chini, zima mara moja: sensa iliyobaki kwenye hewa tupu husoma baridi huku injini ikiungua.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa hugeuka mvuke mara tu yakiachiwa, na majeraha yake ni mabaya. Subiri angalau nusu saa, hadi uweze kuushika mpira wa juu bila kuondoa mkono. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto, maana bloki hupasuka. Yakiongezwa yawe vuguvugu, kidogo kidogo, injini ikinguruma.

## Hali za pekee

Joto linapanda nikishazima gari.

Pampu imesimama, na joto lililokuwa kwenye chuma linahamia kwenye maji yaliyotulia. Kupanda kidogo ni kawaida. Kama maji yanatemwa kila unapozima, iache injini ingurume dakika mbili kabla ya kuzima, kisha kagua kifuniko.

Injini inakata moto siku za joto, lakini mshale uko katikati.

Hapo anayechemka si maji, ni petroli ndani ya kabureta au bomba lake. Hutokea ukisimama dakika kumi kisha ukiwasha tena. Rudisha ngao ya joto kati ya ekzosi na kabureta, na uondoe bomba la petroli karibu na vyuma vya moto.

Injini imetoka kufanyiwa ovahoo na sasa inachemsha, zamani haikuwa hivyo.

Injini mpya ina msuguano zaidi na hupata joto kiasi kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo. Zaidi ya hapo, shuku mikono. Gasketi ya hedi iliyogeuzwa huziba matundu ya maji. Feni ya chuma ikifungwa nyuma-mbele bado huvuta upande uleule, ila kwa nguvu ndogo sana, kwa hiyo inapita macho ya wengi. Taimingi ya kukadiria kwa sikio nayo imo kwenye orodha.

Gari langu halina rejeta kabisa.

Basi geji yako muhimu ni ya oili. Porsche 911 ilipozwa kwa hewa hadi 1998, na feni yake kubwa hupuliza juu ya mapezi ya silinda huku oili ikibeba sehemu kubwa ya joto. Maadui ni majani na vumbi vilivyonasa kwenye mapezi na kwenye kipoza oili, mkanda wa feni uliolegea, na bati au raba zinazotenganisha hewa baridi ya juu na ya moto ya chini zikiwa zimekosekana. Taa ya mkanda au ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, simama hapohapo, kwa kuwa kwenye 911 nyingi za zamani feni na alteneta hushiriki mkanda mmoja na injini hiyo haina maji ya kukupa muda wa kufikiri.